Kucheza na Mtoto Wako Nje: Je, ni Kupoteza Wakati?

 

Mwezi huu tulikuwa tumepanga kuandika juu ya ada za shule. Tumeliacha jambo hilo kwanza kwa sababu ya neno moja lililosemwa nyuma ya kanisa. Neno hilo limetusumbua sisi wazazi wa kikundi cha familia kwa majuma mengi, na tumeona afadhali kuliweka wazi mbele yenu kuliko kuendelea kulinong'ona.

Mmoja wa wababa wetu alipimwa presha mara tatu katika kituo cha afya. Akaambiwa apunguze chumvi na auzoeze mwili wake kutembea, kwani kwa miaka mingi kazi yake imekuwa kukaa: kukaa kwenye foleni, kukaa mbele ya ofisi, kukaa nyumbani akingoja simu. Basi akaanza kwenda jioni nyuma ya kanisa pamoja na binti yake wa miaka minne. Mtoto alisukuma ringi ya baiskeli kwa kijiti, na baba akakimbia nyuma yake. Kisha baba akashika kijiti, mtoto akamkimbiza. Mzee wetu mmoja aliyekuwa ameketi na wenzake chini ya mti akasema kwa sauti ya kusikika: "Huyu naye hana msiba?"

Na msiba alikuwa nao. Wote pale chini ya mti walijua kwamba habari za mdogo wake, aliyeuawa huko Masisi, zilikuwa zimefika majuma matatu tu kabla ya siku hiyo. Baba yule alisimama, akaokota kofia yake, akamshika mtoto mkono, wakarudi nyumbani. Kwa siku nyingi hatukuwaona tena nyuma ya kanisa.

Siku ya Alhamisi kikundi kilipokutana, mama mmoja aliuliza swali moja kwa moja: je, ni halali mzazi aliyepoteza watu, aliyepoteza shamba na ng'ombe na kazi, aruke na kucheka na mtoto wake mbele ya watu? Mwingine akaongeza: na kama anafanya hivyo kwa ajili ya presha yake, je, si anamtumia mtoto kama dawa? Tulizungumza mpaka giza likaingia. Hatukukubaliana katika yote, na tusingependa mfikiri kwamba tunaandika kama watu waliokwisha kufika.

Kwanza tumtendee mzee wetu haki. Swali lake si la ukali tu. Kwetu, watu wakiwa wamekaa matangani, moto unawaka nje na wageni wamelala juu ya mikeka, hakuna mtu mzima anayerukaruka. Ni adabu kwa aliyekufa na kwa waliobaki. Mzee aliona adabu hiyo ikivunjwa akasema, kama wazee walivyosema tangu zamani. Kama hakuna tena mtu wa kusema, tutakuwa kundi la watu waliopangwa kwa mistari ya nyumba, siyo kijiji.

Lakini matanga ya kwetu yalikuwa na mwisho wake. Siku zilihesabiwa, watu wakanyoa, wakaoga, wakagawana vitu vya marehemu, na siku iliyofuata jembe likarudi shambani. Sisi hapa, mwisho huo uko wapi? Kuna kati yetu waliotoka katika vita vya 1996, wengine vya 1998, wengine walikuja wakati wa mapigano ya 2008 kule Kivu ya Kaskazini, wengine 2012, na tangu mwisho wa 2021 wamekuja tena wengi. Januari 2025 Goma ilipoingia mikononi mwa M23, na Bukavu mwezi uliofuata, simu zililia usiku kucha katika nyumba zetu, na zile ambazo hazikulia zilitutesa zaidi. Mtoto aliyebebwa mgongoni mwaka 1996 leo ana mtoto wake mwenyewe. Tukisema mzazi asicheze mpaka msiba uishe, tumesema asicheze kamwe, na mtoto wake naye atamwambia wake vivyo hivyo. Hatuamini kwamba hiyo ndiyo heshima wafu wetu wanayoidai.

Baba yule mwenyewe alitueleza kwamba hakuwa amesahau. Alisema saa ile ya jioni ndiyo saa pekee ambayo hasikilizi simu. Ndugu mmoja akamwuliza kama huko si kuikimbia huzuni. Yule mama wa swali la kwanza akajibu kabla yake: "Ndugu, sisi wote hapa tulikimbia. Tangu lini kukimbia kumekuwa dhambi?" Watu wakacheka. Neno lake lakini limekaa nasi. Jina tunaloitwa, wakimbizi, limetoka katika kukimbia. Na mchezo wa kwanza kabisa wa mtoto anayejua kutembea ni kukimbizana. Wako watoto wetu ambao jambo la kwanza walilojifunza kuhusu kukimbizwa ni kwamba anayekuja nyuma yako anakuja kuua. Mtoto huyo akikimbizwa na papa yake mpaka apate kushikwa, kisha akanyanyuliwa juu na kuzungushwa huku wote wawili wakipumua kwa nguvu, miguu yake inajifunza jambo jingine. Hatujui njia ya kumfundisha hilo kwa maneno.

Hoja ya heshima ya mtu mzima tutaipita upesi. Wengi walisema: "Baba yangu hakucheza nami hata siku moja, nami nimekua." Ni kweli, wala wetu hawakucheza nasi. Ila tujiulize, kwa nini hawakucheza? Hawakucheza kwa sababu uwanja wa nyumba ulikuwa umejaa. Kulikuwa na nyanya wa kutuimbia na kututania, babu wa kutuchongea chukudu ndogo ya mti, shangazi wa kutukimbiza na fimbo kwa mzaha, na binamu kumi na wawili wa rika zote. Wasichana wakubwa walipiga nzango jioni, wakirukaruka wakitazamana, wakipiga makofi na kutupa mguu mbele, na sisi wadogo tulijifunza kwa kuangalia pembeni. Kulikuwa na mlima wa kupanda kila siku kwenda kisimani na shambani. Baba alikuwa na ruhusa ya kuwa mkali na mbali, kwani wengine walimfanyia kazi ya kuwa karibu. Desturi ile ilisimama juu ya nguzo nyingi.

Sasa nguzo hizo tumeziacha. Nyanya alibaki kwa sababu miguu haikuweza, au alifia njiani. Binamu mmoja yuko Nakivale, mwingine Nyarugusu, mwingine Dzaleka, mwingine hatujui. Mtoto wa hapa, mara nyingi, ana mama, labda ana baba, na jirani wa kabila jingine ambaye mama anaogopa kidogo kumwachia. Baba anayesema "mimi nafuata desturi ya baba yangu" anachukua nusu moja ya desturi na kuacha ile iliyoifanya iwe ya haki. Kama hakuna binamu wa kumkimbiza, basi deni la binamu limeangukia kwa baba. Kama hakuna shangazi, limeangukia kwa mama. Hii ndiyo sababu yetu kubwa, na ndiyo iliyowageuza wengi katika kikundi.

Katika kitabu cha Zekaria, sura ya 8, nabii anawaambia watu waliorudi kutoka uhamishoni Babeli jinsi mji wao utakavyokuwa siku za amani. Hataji kwanza maghala wala jeshi. Anaonyesha wazee wameketi njiani na fimbo zao kwa ajili ya umri, na wavulana na wasichana wakicheza katika njia hizo hizo. Tuliposoma sehemu hiyo Alhamisi, mzee wetu alinyamaza, kisha akasema kwamba nabii amewaweka wazee kwenye picha, lakini wazazi wa makamo hawamo. Ni kweli! Tulitafuta, hawamo. Mmoja akasema pengine wako shambani. Hapa hatuna mashamba ya kutosha kutuweka mbali mchana kutwa, wala wazee wa kutosha kuketi njiani.

Kuna wanaotuletea waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya 4, pale Paulo anaposema kwamba kuuzoeza mwili kuna faida yake, lakini ni ndogo ukilinganisha na utauwa. Sawa. Ndogo siyo hakuna. Mtu ambaye presha inampanda, na sukari inamnyemelea, anaijua thamani ya faida ndogo.

Tuje kwenye njaa, kwa maana hapo ndipo hoja ilipotuuma. Mama mmoja wa watoto watano alituambia: "Mnasema tukimbie na watoto. Mimi nawaambia watoto wangu wakae chini ili chakula kisiishe tumboni." Hakuna aliyecheka. Aprili 2020 mgao wa wakimbizi hapa Uganda ulipunguzwa kwa asilimia 30. Februari 2021 ukashushwa tena mpaka asilimia 60 ya mgao kamili. Mwaka 2023 familia zikagawanywa kwa makundi kadiri ya uhitaji, na wengine wakatolewa kabisa. Kumwambia mama huyu habari za mazoezi ya mwili ni kama kumwuzia kioo mtu asiye na nguo.

Kwa hiyo tuseme wazi. Mtoto mwenye homa ya malaria, mtoto anayeharisha, mtoto ambaye mkono wake ukipimwa kwa utepe wa kituo cha afya unaonyesha rangi nyekundu, hapaswi kukimbizwa. Apelekwe kwa waganga. Na mtu mzima anayekula mara moja kwa siku asijilazimishe kukimbia ili aonekane wa kisasa.

Lakini mama yule hakuwa sahihi kwa kila alilosema, na tulimwambia kwa upole. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999, unaohusu kutibu watoto wenye utapiamlo mkali, unaweka mchezo ndani ya tiba yenyewe: pamoja na maziwa na dawa, mtoto achezewe kwa mpango dakika 15 mpaka 30 kila siku, na aanze kutembeatembea mara anapopata nafuu. Waganga walioona watoto wengi wakifa kwa njaa ndio walioandika hivyo. Mtoto mwenye njaa hunyamaza na kuacha kutazama, na kama hakuna anayemwita arudi, sehemu yake hubaki huko hata baada ya mwili kunenepa.

Tena kuna habari ya Kingston, mji mkuu wa Jamaika. Mwaka 1986 na 1987 watafiti walichukua watoto 129 wa familia maskini, wa umri wa miezi 9 mpaka 24, waliokuwa wamedumaa, wakawagawa katika makundi manne. Kundi moja lilipewa maziwa ya unga kila juma. Kundi la pili lilitembelewa nyumbani na mhudumu wa afya, saa moja kwa juma, akimwonyesha mama jinsi ya kucheza na mtoto wake kwa vitu vilivyotengenezwa kwa takataka za nyumba. La tatu lilipata vyote viwili, la nne halikupata kati ya hivyo. Kazi hiyo iliendelea miaka miwili. Miaka 20 baadaye watafiti waliwatafuta watu hao, wakiwa sasa watu wazima, na mwaka 2014 wakachapisha matokeo: wale waliochezewa walikuwa wakipata kipato zaidi kwa asilimia 25 kuliko wenzao ambao hawakuchezewa. Maziwa peke yake hayakuonyesha tofauti hiyo. Tusisome habari hii kana kwamba chakula si kitu, maana mwenye kupunguza mgao angeifurahia sana. Tuisome hivi: dau la mchezo haliwezi kupunguzwa na ofisi yoyote. Liko mikononi mwetu, na tukilinyima, tumelinyima sisi.

Na mchezo si lazima uwe mbio. Kwa siku ya tumbo tupu upo mchezo wa kuketi kivulini, wa kurushiana kijipira cha matambara, wa kuhesabu vidole vya miguu. Mbio zina siku yake.

Sasa, juu ya mwili wa mzazi mwenyewe, tutoe maelezo machache kwa wale waliotuuliza. Shirika hilo la Afya Duniani, katika maelekezo yake ya mwaka 2020, linamtaka mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 kwa juma za kuutaabisha mwili kwa kiasi. Kipimo cha kiasi ni rahisi na wanakwaya watakipenda: unaweza kuzungumza, lakini huwezi kuimba. Zamani ilisemwa kwamba dakika zisizofika kumi mfululizo hazihesabiwi. Mwaka 2020 sharti hilo liliondolewa. Kwa hiyo dakika tatu za kumkimbiza mtoto kuzunguka nyumba, ukapumzika, ukamkimbiza tena, zote zinaingia katika hesabu. Mtoto wa miaka 3 au 4, kwa maelekezo ya 2019, anahitaji dakika 180 za kuchezacheza kwa siku nzima, na kati ya hizo angalau 60 ziwe za nguvu. Ukifanya robo moja tu ya hizo 60 pamoja naye kila siku, juma likiisha wewe umekwisha kupita dakika 100. Kumwinua mtoto wa kilo 14 juu ya kichwa mara kumi ni kazi ya mabega isiyohitaji vyuma. Kumbeba mgongoni ukipanda kilima, kushuka, kuruka kamba pamoja naye, kupiga mpira wa mifuko ya plastiki uliofungwa kwa kamba za migomba: vitu vyote hivyo viko hapa, bila pesa.

Jambo moja la maelekezo hayo ya 2019 lilitushtua. Yanasema mtoto mdogo asifungwe mahali pamoja zaidi ya saa moja kwa mara moja, na yanataja wazi kufungwa mgongoni kwa mlezi. Wamama wetu hukaa na watoto mgongoni katika foleni nusu ya siku. Hatuandiki hili kuwalaumu. Ila ikiwezekana, mwenzako akushikie nafasi, mfungue mtoto, atambae na kuchezea vumbi kidogo.

Chagueni saa. Saa sita mpaka saa tisa jua ni kali, na maji ya kunywa ni yale yale ya kupikia. Saa kumi na moja jioni ni nzuri. Na chagueni mahali, kwa sababu ya mashimo. Tunafyatua matofali ya nyumba zetu karibu na nyumba zetu, na shimo likijaa mvua linakuwa ziwa la mtoto. Mzazi anayecheza nje na mtoto wake huyaona mashimo hayo. Aliyeketi ndani huyasikia yakitajwa siku ya mazishi. Baada ya mazungumzo yetu wababa wanne walifukia mawili nyuma ya kanisa, na kazi hiyo, kwa taarifa yenu, inatoa jasho kuliko ringi.

Turudi kwa swali la pili: je, kumchezesha mtoto kwa ajili ya presha yako ni kumtumia? Baba yetu alitujibu kwa hadithi dhidi yake mwenyewe. Siku za mwanzo alikuwa akihesabu mizunguko. Mganga alimwambia dakika, yeye akazigeuza kuwa mizunguko ishirini, na mtoto akitaka kusimama kumwangalia jongoo, baba alimvuta mkono: bado saba. Siku ya tatu mtoto aliketi chini na kusema, "Papa, wewe unacheza na namba." Tangu siku hiyo akaacha kuhesabu. Wanasimama kwa jongoo, wanasimama kwa mbuzi wa jirani, kisha mtoto anakimbia bila kutangaza na baba anabaki nyuma. Anasema anatoka jasho zaidi kuliko zamani, kwa sababu hajui mbio zitaanza lini.

Tunaona jibu ndani ya hadithi hiyo. Si vibaya mzazi apate faida. Mama anayenyonyesha naye hupata raha ya kifua chake kupungua, na hakuna anayesema anamtumia mtoto. Ubaya huanza pale ambapo mtoto akisimama, mzazi anakasirika. Hapo tumejua nani alikuwa anachezewa.

Wako pia wanaosema, "Tutacheza na watoto tukifika." Tukifika wapi? Marekani, Kanada, Australia. Wapo ambao faili zao zina miaka mingi kuliko watoto wao. Januari 2025 Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, hata safari zilizokwisha kupangiwa tikiti zilifutwa, na tuliwaona watu waliokuwa wameuza sufuria na magodoro wakianza kuyanunua tena. Hatuna neno la kuwatuliza. Tunajua tu kwamba aliyekuwa na miaka mitatu faili ilipofunguliwa sasa ana ndevu, na yeye hatakubali kukimbizwa tena na mtu yeyote.

Limebaki jambo ambalo wamama walilisema mwishoni, wakati wababa walikuwa wakijiandaa kufunga kwa sala wakiwa wamefurahi na nafsi zao. Mama mmoja alisema: "Mmezungumza vizuri. Lakini mimi bidoni la lita ishirini ni kilo ishirini, na ninakwenda mara tatu. Kuni nazifuata mbali. Nikirudi, baba watoto yuko nje anacheza na mtoto, na watu wanamsifu kuwa ni baba wa siku hizi. Mimi, mazoezi yangu nani ameyaona?"

Kulikuwa kimya. Tumelifikiria jambo hili sana na tunasema bila kuzunguka: baba anayecheza wakati mkewe anabeba maji peke yake hajacheza na mtoto, amejificha nyuma yake. Mzigo wa mama si sawa na mchezo, hata kama mwili wote unatoka jasho. Bidoni linakandamiza shingo ile ile, njia ile ile, kila siku, bila kicheko wala uhuru wa kusimama kwa jongoo. Kama daktari amemwambia baba autaabishe mwili, basi na aanze na bidoni mbili, moja mkono huu na moja mkono ule, mtoto akitembea mbele yake na kikopo chake cha nusu lita. Huko njiani wanaweza kukimbizana wakati wa kwenda, bidoni zikiwa tupu. Wengine watasema mwanamume kuonekana kisimani ni aibu. Tumekwisha kusema juu ya desturi za nusu.

Mambo haya hayakuishia katika maneno. Tulikubaliana kwamba kila Jumamosi jioni wababa wa kikundi wachukue maji na watoto, na wamama wawe huru kwenda nyuma ya kanisa kuruka kamba, au kupiga nzango kama wakati wa usichana wao. Nzango siku hizi imekuwa mchezo rasmi wa wanawake watu wazima katika Kongo zote mbili, ina timu na mashindano, kwa hiyo hakuna wa kuona haya.

Jumamosi ya kwanza wababa waliofika walikuwa sita kati ya kumi na tisa. Mzee wetu alikuja na kiti chake, akaketi njiani na fimbo yake. Wamama wanne waliruka kamba. Yule mama wa bidoni tatu hakuja. Tulimtuma mtoto kuuliza kama anaumwa, akarudi na kusema hapana, amelala. Mumewe alikuwa amekwisha kuleta maji, naye alikuwa nje na mtoto wao upande wa pili wa nyumba, wakirushiana kijipira kwa sauti ya chini ili wasimwamshe.